Tuta la kujimwagia wenyewe mbele ya skuli, tufanye?

MamaNassor: Assalaam alaykum. Barabara ya mtaani kwetu huku Fuoni, Unguja, tumeililia lami miaka, mwaka jana tukapata. Zamani mashimo yalikuwa yanawatia adabu madereva. Sasa gari za abiria zinafukuzana kama zinakimbia mvua. Juma lililopita mwanangu kapigwa ubavuni na honda, anatoka chuo cha Kurani na baskeli yake. Alhamdulillahi goti tu limechubuka, ringi ndiyo iliyojikunja nane. Vijana wameshachanga saruji mifuko mitatu, Ijumaa usiku wanataka kumwaga tuta. Mume wangu yumo. Mie moyo unasita. Mnasemaje?

Kidau: Mwageni! Kwetu tulimwaga, hakuna aliyekuja kutuuliza.

FundiLami: Kidau, na honda zinapita wapi hapo kwenu? Pembeni, kwenye njia ya miguu, walimo watoto. Matuta haya ya usiku huwa yamesimama kama kaburi. Baskeli inaruka, mjamzito kwenye gari anaumia, na masika maji yanatuama nyuma yake.

Tuta la kitaalamu lina kimo cha sentimita 7 mpaka 10, lakini kutoka linapoanza kupanda hadi linapomalizika kushuka ni karibu mita 3.7. Gari inapanda polepole, inashuka polepole. Bora zaidi muombe kivuko chenyewe kiinuliwe, pundamilia ikae juu ya tuta pana, usawa mmoja na njia ya miguu. Na kona ya kuingilia skuli ibanwe. Kona ikiwa pana, dereva anaikata bila kugusa breki.

Mwendo ndio ugomvi wote. Gari ya kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kwa sekunde moja, ya 30 inakula 8. Hiyo sekunde dereva bado anashtuka, breki hajaikanyaga.

BiMpendae: Pole mama Nassor. Hapo ng'ambo Dar, shirika la Amend lilizunguka maskuli likatia matuta, vivuko, njia za miguu na vigingi vya kuzuia gari. Vitu vidogo tu, na mwaka 2019 kazi hiyo ikashinda tuzo ya WRI Ross, ya kimataifa ya miradi ya miji. Nendeni kwa sheha pamoja na mwalimu mkuu, ila msiende mikono mitupu. Simama na daftari skuli inapotoka na watoto wanapokwenda chuoni, uandike wanavukia wapi hasa. Kwetu pundamilia ilichorwa mbele ya geti la skuli, watoto wote wanavukia kwa muuza achari!

Kidau: Daftari tena! Mpaka sheha apeleke barua, mtoto ameshaoa.

FundiLami: Hilo sikubishii. Mkiwa mnasubiri, tieni mapipa yenye mchanga pale kwenye kona, mmwambie sheha kwanza, na myapake rangi nyeupe yaonekane usiku.

MamaNassor: Ahsanteni. Nimemwambia baba Nassor saruji isirudi dukani, itafutwe nondo tufinyange mifuniko ya mtaro ulio wazi pale ubavuni mwa skuli, maana watoto wanashuka barabarani kuukwepa. Kakubali, vijana wananuna. Jumatatu niko na daftari. Na sisi tuna muuza achari, ng'ambo ya barabara.