Alama ya ahadi imefutwa kwenye mwongozo wa kazi: nifanyeje?

NuruTaratibu
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Naandika miongozo ya kazi kwenye mtambo mmoja wa umeme wa nyuklia hapa Marekani, mwaka wa tatu sasa. Wiki iliyopita injinia wa mfumo wa maji ya kupoozea aliniletea ombi: vibadilishajoto vya jenereta za dharura (vifaa vyenye mirija ya maji ya kuzipooza) visafishwe kila baada ya mizunguko miwili ya fueli, badala ya kila mzunguko, yaani kila kinu kinapozimwa kubadilisha fueli.

Kwenye toleo tunalotumia, hatua ya 6.3 haina alama yoyote pembeni. Lakini kabla sijagusa neno huwa narudi kwenye matoleo ya zamani, na kwenye toleo la miaka minane iliyopita hatua hiyohiyo ina herufi A pembeni, yaani ahadi, pamoja na namba ya barua. Barua ni ya 1990, kampuni ikijibu waraka namba 89-13 wa NRC, tume inayosimamia usalama wa nyuklia Marekani. Imeandikwa waziwazi kwamba tutavifungua na kuvisafisha kila tunapozima kubadilisha fueli. Aliyehariri baadaye aliifuta alama, na sababu aliyojaza ni "kuboresha mpangilio".

Msimamizi wangu anasema ahadi si sheria, badilisha tu. Mimi moyo umekataa. Ni kweli? Na hii alama iliyofutwa nimweleze nani?

MzeeWaLeseni
Marahaba mwanangu. Msimamizi wako amesema nusu. Ahadi ni kauli mahususi ambayo kampuni imeipelekea NRC kwa maandishi, kwamba itafanya jambo fulani. Peke yake haina nguvu ya kanuni, sharti la leseni au amri, ndiyo maana si kila badiliko linahitaji ruhusa. Lakini ina njia yake ya kubadilishwa: mwongozo wa NEI 99-04 wa mwaka 1999, wa taasisi ya kampuni za nyuklia, ambao NRC iliukubali mwaka 2000.

Kwanza tazama kama maneno hayo yamo pia kwenye ripoti ya usalama ya mtambo. Yakiwemo, mnapita kwenye tathmini ya 10 CFR 50.59, kanuni inayoeleza mabadiliko yapi yanahitaji ruhusa ya NRC kwanza. Yakiwa ndani ya vigezo vya kiufundi vya leseni, hapo ni kuomba leseni irekebishwe, hakuna mkato. Yasipokuwemo kote huko, mnapima uzito wake kwa usalama, halafu mnauliza ahadi ilitolewa kwa nini. Ilikuwa ya kuurudisha mtambo ndani ya kanuni? NRC iliitegemea ilipoandika tathmini yake? Ilijibu waraka? Yenu ilijibu waraka, kwa hiyo hata mkiibadilisha kihalali, NRC lazima ipate taarifa kwa maandishi.

Na usiishie kwenye barua yenu, usome waraka wenyewe. 89-13 ulitaka uwezo wa kupitisha joto upimwe walau mara moja kila mzunguko wa fueli, na baada ya vipimo vitatu kampuni itumie matokeo kuchagua muda unaofaa, usiozidi miaka 5. Ulikubali pia usafishaji wa mara kwa mara badala ya kupima. Injinia wako hajaomba kitu cha ajabu. Anachodaiwa ni ushahidi.

FundiMirija
Dada, huo ushahidi uombe kwetu karakana. Nimevifungua vifaa vya aina hiyo mara nyingi, kwenye mtambo mwingine. Kifuniko kikitoka, kabla brashi haijaingia, piga picha na hesabu mirija iliyoziba. Brashi ikishapita, ukweli umeondoka na maji. Mara nne mfululizo nilikuta mirija inang'aa. Ya tano, mto ukiwa umeshuka, tope laini kama uji lilikuwa limejaa mirija ya chini, na makombe yamekwama midomoni. Ukisoma zile nne tu utasema tunapoteza muda.

Hayo makombe si jambo dogo. Mwaka 1980 kule Arkansas Nuclear One kome wa Asia walipunguza maji ya vipoozi vya jengo la kinu hadi kinu kikazimwa.

MzeeWaLeseni
Kuhusu alama: andika ripoti ya hitilafu leo, usingoje uamuzi wa injinia. Eleza ulichokiona, usimshutumu aliyehariri. Nilipokuwa kazini, wakaguzi wa NRC walipitia mfumo wa ahadi kila miaka 3. Walichukua barua, wakaifuata hadi kwenye hatua anayoisoma fundi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ni hivyohivyo: fundi anasafisha kwa mazoea, siku moja mazoea yanabadilika na hakuna anayejua kuna barua. Kagua pia hatua nyingine zilizoguswa na mhariri huyo.

NuruTaratibu
Nimerudi, asanteni sana. Ripoti nimeiandika siku ileile. Toleo lile lilikuwa limefuta alama nyingine nne, mbili zikiwa za barua ambazo hakuna aliyezikumbuka ofisini. Ripoti ya usalama haitaji muda wa kusafisha, kwa hiyo tunafuata njia ya NEI 99-04. Injinia amechimbua rekodi za karakana: kibadilishajoto cha kwanza, kifaa A, kina picha za mizunguko sita, safi zote. Kifaa B kina picha za mizunguko miwili tu, na moja inaonyesha tope. Ombi la B ameliondoa mwenyewe. La A linaendelea, na taarifa ya NRC inaandaliwa. Msimamizi alisoma barua ya 1990 yote, akasaini.

Alama ya 6.3 imerudi kwenye toleo lililotoka jana.