Hilux 2.7 petroli: nabadilishaje ekzosi bila kuua nguvu ya kupandia mlima?

Saruji_Ishirini

Wakuu habari zenu, msaada tutani. Nina Hilux singo 2.7 ya petroli, injini 3RZ, gia ya mkono. Kazi yake hapa Mwanza ni saruji na nondo kupandisha saiti, zaidi Isamilo na Kilimahewa huko juu kwenye mawe, wenyeji mnazijua zile njia. Nikipakia mifuko 20 hiyo ni tani moja kamili na zamani nilikuwa napanda na gia ya pili mguu umetulia tu.

Sasa sailensa imeoza, chini imetoboka, ukisukuma bisibisi inaingia kama kwenye ugali. Fundi mmoja kaniambia niachane na za dukani, anipige bomba la inchi 3 moja kwa moja toka mbele mpaka nyuma na masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye njia ya ekzosi) atoe, eti gari "ipumue". Sikatai, na mngurumo kidogo naupenda. Shida ni mshkaji wangu alifanyiwa hivyo hivyo kwenye 2.7 kama yangu, sasa hivi inapiga kelele kama boti ya mashindano ila akitoka kwenye mataa na mzigo lazima aikanyage mpaka watu wageuke, chini haina kitu, inaamka ikishafika mizunguko elfu tatu na kitu huko. Mimi elfu tatu naifikia saa ngapi pale Isamilo na saruji mgongoni?

Ukweli mwingine ni kwamba hata kabla haijatoboka, kama miezi miwili nyuma, nilishaona nguvu imepungua, kuna kona nilikuwa naipiga na ya pili siku hizi narudi ya kwanza. Ndo maana nikaanza kumsikiliza huyo fundi. Nifunge bomba gani? Nawasilisha.

mzee_wa_Kamanga

Kijana usitoe kila kitu. Injini inataka bakipresha, yaani moshi uzuiliwe kidogo kutoka, bila hiyo nguvu ya chini inakimbia yote. Tafuta sailensa ya kawaida funga, maisha yaendelee.

Tabo_Mbele

Wanakutisha tu hao. Mimi ya kwangu nimefunga inchi 3 toka kwenye tabo (ile feni inayosukumia injini hewa) mpaka nyuma, sailensa moja ya kupitiliza, gari imekuwa moto. Juzi natoka Usagara mpaka darajani Kigongo na mzigo sijui hata kama nina mzigo. Fundi wako yuko sahihi, piga inchi 3 ulale.

ndoo_ya_dagaa

Ukipiga bomba wazi usipite Bugando usiku, wagonjwa watakulaani na wale laana zao zinafika

Moshi_Mweupe

Tabo_Mbele umesema mwenyewe, "toka kwenye tabo". Yako ni dizeli ya tabo na yake ni petroli isiyo na tabo, hayo ni magari mawili tofauti kabisa kwenye hili suala. Kwenye tabo ukipunguza kizuizi nyuma ya tabo yenyewe inazunguka mapema, kwa hiyo bomba pana linakusaidia mpaka chini. Na huku kwetu ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 hivi ya nguvu ukilinganisha na ilivyokuwa Dar, tabo inajifidia yenyewe. Ndo maana wewe huoni shida, na huyu kila asilimia anaisikia kwenye mguu.

Mzee wa Kamanga shikamoo, matokeo uliyosema ni ya kweli ila sababu siyo bakipresha. Hakuna injini inayofaidika kwa kuzibwa. Inachotaka ni moshi uende kwa KASI. Moshi hautoki kama maji ya bombani, unatoka kwa mapigo, pigo la silinda hii halafu la ile. Pigo likipita kwa kasi nyuma yake linaacha mvuto, ule mvuto unamalizia kunyonya moshi wa silinda inayofuata ili hewa mpya iingie safi. Umeshaona mtumbwi mdogo unavyovutwa feri ikipita karibu? Ndo hivyo. Sasa ukiweka bomba pana kwa mizunguko ya chini moshi ni kidogo, unazubaa mle ndani, unapoa, mvuto unakufa. Ikifika juu moshi unakuwa mwingi bomba linajaa na gari inaamka, ndo hiyo elfu tatu ya mshkaji wake.

Piga hesabu mwenyewe. Ukitoka inchi 2 kwenda 3 watu wanadhani umeongeza nusu, hapana, nafasi ya ndani inakuwa mara mbili na robo. Ukitoka 2 kwenda 2 na robo unaongeza kama asilimia 27 tu, na kwa 2.7 ya mzigo mimi naishia hapo. Na hakikisha fundi anapima wapi maana bomba la chuma nene likipimwa nje ni inchi 2, ndani limeshapungua.

Sailensa funga ya kupitiliza, ile ya bomba lenye vitundu limezungushiwa pamba ya glasi, iwe ndefu, mngurumo utaupata mzito usiokera. Sehemu ya mbele ndo usicheze nayo, huko moshi bado ni wa moto na ndiko kasi inakotengenezwa, ukitaka kupunja, punja mkia. Heda (mabomba ya moshi yanayoanzia kwenye injini) siku ukipata hela tafuta ya 4-2-1, manne yanaungana kuwa mawili halafu moja, yenye mabomba marefu, zile fupi za 4-1 ni za watu wa kukimbia.

Kona nazo: bomba likikunjwa kavu linabonyea, una inchi 2 na robo kwenye risiti na moja na nusu kwenye kona. Wazee wetu wanajaza mchanga mkavu, wanaziba ncha, wanapasha na gesi ndo wanakunja taratibu, linabaki duara. Ila mchanga uwe umekaangwa kabisa, ukiwa na unyevu mvuke unaweza kulipasua usoni kwa mtu, siyo utani.

Masega usitoe kabla ya kuyapima. Fungua oksijeni sensa ya mbele, funga geji ya presha, shika mizunguko 2,500, ikisoma zaidi ya psi 3 umezibwa. Huna geji gonga na nyundo ya raba, yakilia kama kibuyu chenye kokoto yamevunjika ndani. Kama ni mazima yaache. Na jiulize yakitolewa yanabaki kwa nani, mle kuna platinamu na paladi, yana soko lake.

binti_Nansio

Kaka samahani, hiyo picha yako ya profaili ndo gari yenyewe? Mbona tairi kama za inchi 31? Ulizifunga lini?

Saruji_Ishirini

Moshi_Mweupe ubarikiwe sana, nimesoma mara mbili.

Dada ndiyo yenyewe, ni 31 nilizipata kwa mtu zikiwa bado nzuri, zilizokuja na gari ni 225/70R15. Nilizifunga mwezi... daah. Kama miezi miwili na nusu hivi.

binti_Nansio

Haya.

Baba yangu alikuwa na Hilux ya kubebea sangara akafanya hivyo hivyo, akabadilisha plagi, akasafisha tangi, akagombana na muuza mafuta, kumbe tairi.

Moshi_Mweupe

😂😂 Nimeandika gazeti zima dada kamaliza kwa picha. Hizo 225/70R15 kimo chake ni inchi 27.4 hivi. Ukiweka 31 ni kama umebadilisha difu, kila gia imekuwa ndefu kwa asilimia 13, nguvu ya kuvuta inayofika chini inapungua karibu asilimia 12, na bado hatujahesabu uzito wa tairi lenyewe. Cheki na spidi yako, ikisoma 80 wewe uko 90. Halafu ulikuwa unataka kuondoa tena nguvu ya chini kwa bomba la inchi 3, hapo Isamilo ungepanda kinyumenyume.

Ila kabla hujafungua tairi, kesho asubuhi washa gari ikiwa imepoa, fungua boneti usikilize manifodi, pale njia ya moshi inapoanzia kwenye injini. Ukisikia tik tik tik inayopotea ikipata moto, gasketi inavuja. Hewa ikiingia pale mbele ya sensa, kompyuta inadhani mafuta ni kidogo inaongeza, unakunywa petroli bure. Tundu la sailensa huko nyuma halina tatizo hilo, hilo ni kelele tu.

Saruji_Ishirini

Mrejesho wakuu. Manifodi kimya, haina tik tik. Masega yamegongwa, kimya.

Tairi za zamani mbili zilikuwa stoo, moja mama watoto alikuwa ameipandia sukuma wiki nyuma ya nyumba (tulijadiliana kidogo hapo), moja iko kwa jirani watoto wanakalia. Nimezifunga zote nne jana jioni. Leo asubuhi mifuko 18, sikupakia 20 kwa uoga, kona ile ile, GIA YA PILI. Na sailensa bado imetoboka vile vile, inapiga kelele lakini inapanda. Kijana wangu wa kupakua alikuwa nyuma juu ya saruji akagonga kebini nikadhani kuna kitu kimeanguka, kumbe anashangilia.

Ijumaa naenda kufunga inchi 2 na robo na sailensa ndefu ya kupitiliza, masega yanabaki. Yule fundi nimemwambia akanuna, akauliza "sasa masega unayabakiza ya nini?" nikamkumbuka Moshi_Mweupe nikacheka. Nimepata mzee mwingine Igoma anayekunja kwa mchanga, nitasimama pale pale nimuone akiukaanga. Binti_Nansio wabeja sana, msalimie na mzee.

mzee_wa_Kamanga

Marahaba Moshi. Nimeelewa hilo la kasi, ingawa sisi tuliambiwa bakipresha tangu enzi za injini za 22R na magari yalipanda.

Tabo_Mbele

Saruji, hizo 31 unaziuza? Nicheki inboksi.