Mjadala: Je, mwalimu wa kidato cha tano na cha sita awauzie tuisheni wanafunzi wake mwenyewe?

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro (mtoa hoja)

Ndugu walimu, wazazi na wote mnaoguswa na elimu ya sekondari ya juu, salaam.

Ninaleta swali ambalo walimu tumekuwa tukilizungumza ofisini kwa sauti ya chini bila kulifikisha popote: je, ni haki mwalimu aliyeajiriwa kufundisha kidato cha tano na cha sita awatoze fedha wanafunzi wale wale anaowafundisha darasani, kwa somo lile lile, baada ya saa za kazi? Sizungumzii tuisheni kwa ujumla wake. Mwalimu anayemfundisha jioni mtoto wa shule nyingine sina neno naye. Ninamzungumzia yule anayekutana na sura zile zile asubuhi kwa mshahara wa Serikali na Jumamosi kwa fedha za mzazi. Msimamo wangu ni kwamba jambo hili likatazwe, nami ninasema hivyo nikiwa nimelitenda mwenyewe.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Aliyeripoti kidato cha tano Agosti 2023 alifanya mtihani wake wa taifa Mei 2025, na ukiondoa likizo na mitihani ya majaribio, muda unaobaki wa kufundisha hautoshi kwa muhtasari ulivyo mpana. Tena watoto hawaanzi pamoja. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na kati ya hapo na Julai wale ambao wazazi wao wana uwezo hupelekwa katika masomo ya awali, ambayo mtaani huitwa prifomu faivu. Siku ya kwanza ya Fizikia mwalimu hukuta mbele yake madarasa mawili yaliyoketi katika chumba kimoja: wapo waliokwisha kumaliza mada ya vipimo na nusu ya umakanika, na wapo waliotoka kulima, kuuza duka au kuchunga, ambao hawajafungua kitabu tangu Novemba.

Mwaka 2019 nilikuwa katika shule ya kutwa. Nilikodi chumba jirani, na kila Jumamosi asubuhi nikawafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha sita kwa shilingi 2,000 kwa kipindi. Darasani walikuwa 58, Jumamosi walikuja kati ya 15 na 20. Jumamosi moja tulishinda na kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Kilichowasumbua ni kwa nini mkondo wa umeme hupungua kadiri kapasita inavyojaa, nami nikawaambia waifikirie daladala ya asubuhi: abiria wa kwanza wanapanda mbio na kuchagua viti, wanaofuata wanajipenyeza, na wa mwisho wananing'inia mlangoni wakisukumwa na waliomo ndani, hadi inafika mahali hakuna awezaye kuongezeka. Wakacheka, wakaelewa, na mmoja akaenda ubaoni bila kuitwa akachora grafu inayoshuka.

Jumatatu niliuliza swali lile lile darasani. Mikono iliyoinuka ilikuwa ya wale wa Jumamosi. Nikaridhika, nikaandika fomula ubaoni, nikasonga mbele. Ndipo kijana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hiyo mada sisi wengine utatufundisha lini?" Nilifungua azimio la kazi, yaani mpango wangu wa mada na vipindi vyake. Mada ilikuwa imepangiwa vipindi vinne, nami nilikuwa naimaliza kwa kimoja. Sikuwa nimekusudia kumnyima mtu. Nilikuwa nimechoka, na akili yangu ilikwisha kuihesabu mada ile kuwa imefundishwa, na kweli ilikuwa imefundishwa, ila kwa waliolipa.

Wengi wetu tukizungumzia ubaya wa tuisheni tunamfikiria mwalimu anayeficha maarifa ili ayauze. Huyo yupo, lakini si yeye ninayemhofia zaidi. Ninamhofia mwalimu mwenye nia njema ambaye, akishakuwa na madarasa mawili ya watoto wale wale, huanza kuligawia darasa la asubuhi masalia ya darasa la Jumamosi, na hajui kwamba anafanya hivyo. Niliacha mwaka ule ule. Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Kemia, Mwanza

Mwalimu mwenzangu, nimekusoma kwa makini na ninakuheshimu kwa kuanza na kosa lako mwenyewe, lakini hitimisho lako silikubali.

Ulichosimulia ni kosa la kuruka vipindi, na kosa hilo lina dawa yake. Mwalimu wa taaluma na mkuu wa shule wana wajibu wa kukagua azimio la kazi, andalio la somo na madaftari ya wanafunzi. Ukaguzi ukifanyika ipasavyo, mwalimu anayeruka vipindi atajulikana, awe anafundisha tuisheni au anakwenda shambani kwake. Hatuwezi kumnyima mwalimu Jumamosi yake kwa sababu ya jambo lililoharibika Jumatatu.

Pili, nikueleze kwa nini wanafunzi wangu mwenyewe ndio wanaonihitaji. Darasa langu la tahasusi za PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) likiunganishwa lina wanafunzi 64, na maabara ina bureti 11 zinazofanya kazi, yaani mirija ya kupimia kimiminika yenye bomba la kufungulia chini. Mafunzo kwa vitendo tunafanya kwa makundi ya watu sita, ambapo mmoja anashika bomba, mmoja anaandika, na wanne wanatazama. Siku ya mtihani kila mmoja atasimama peke yake mbele ya bureti yake, na atatakiwa kufunga bomba tone moja tu baada ya methili orenji, kemikali ya kiashiria, kuanza kuiacha rangi yake ya njano. Hilo halifundishwi kwa kutazama bega la mwenzako. Mimi nilinunua bureti sita kwa fedha yangu, na Jumamosi wanafunzi kumi na wawili wanakuja, wawili kwa bureti moja, wanarudia na kurudia hadi mkono unazoea. Ninawatoza kwa sababu kemikali hazianguki kutoka mbinguni, na kwa sababu jasho langu nalo lina thamani. Daktari wa hospitali ya Serikali huonekana jioni katika zahanati binafsi, na sijasikia akiambiwa kwamba mgonjwa aliyemwona asubuhi asimpokee jioni.

Tatu, marufuku tumekwisha kuziona kwa jirani. Kenya ilikataza tuisheni ya likizo kwa kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambacho adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tuisheni haikufa. Ilihamia mafichoni, na jambo likishakwenda mafichoni hakuna tena wa kuuliza bei wala ubora wake.

Mzazi, Dodoma

Walimu wetu, habari za kazi. Naomba niongeze neno la anayelipa.

Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka 2022/23, nasi wazazi tulishukuru. Kwa bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami: shilingi 2,000 kwa kipindi, masomo matatu ya tahasusi, mara moja kwa wiki, ni shilingi 24,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu nimeshapita ada yote ya mwaka iliyofutwa, na bado mwaka una miezi mingine.

Mwalimu wa Mwanza, mfano wako wa daktari nimeutafakari, lakini daktari wa jioni hanitungii mtihani wa kufunga muhula, hanisahihishii, wala haweki alama zangu za maendeleo. Mwalimu anayefanya hayo yote akisema "Jumamosi nipo, anayetaka aje", mzazi gani atakuwa na ujasiri wa kutomleta mwanawe? Binti yangu aliniambia, "Mama, tusipokwenda tunaonekana hatuna nia." Huenda mwalimu hafikirii hivyo kabisa. Mtoto anafikiria hivyo, na mimi ninatoa fedha kwa sababu ya anachofikiria mtoto.

Mhitimu wa ualimu, Dar es Salaam

Nimehitimu shahada ya ualimu katika Fizikia na Hisabati, sijapata ajira, na kwa sasa ninaishi kwa tuisheni. Mngetarajia niunge mkono katazo la mtoa hoja kwa kuwa lingeniongezea wateja, na sitaficha kwamba lingeniongezea. Hata hivyo nina swali kwake, na nadhani jibu lake litatusogeza mbele kuliko hoja ya fedha.

Mwalimu, ile daladala uliieleza kwa lugha gani?

Ninauliza kwa sababu ya ninachokiona kila siku. Wengi wanaokuja kwangu wamekwisha kufundishwa mada husika shuleni, tena vizuri. Mwezi uliopita alikuja kijana wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) akanisomea kanuni ya Lenz, inayoeleza upande wa mkondo wa umeme unaozalishwa na sumaku inayosogea, kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwa kichwa. Nikachora koili, yaani waya uliozungushwa, na sumaku inayoisogelea, nikamuuliza, "Sasa mkondo utazunguka upande gani?" Akanyamaza. Nikamuuliza tena: "Sumaku inakuja. Koili inataka ije au haitaki?" Akasema, "Haitaki." "Basi itafanya nini ili kuizuia?" Akaitazama michoro yake kwa muda, akageuza koili kuwa sumaku yenye ncha inayofanana na ile inayokuja, akapata upande wa mkondo mwenyewe. Alikuwa na kanuni yote kichwani tangu Machi. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye juu yake kwa lugha anayofikiria.

Kazi yangu ina utaratibu mmoja tu. Ninaandika swali kwa Kiingereza kama litakavyokuja kwenye mtihani, tunalijadili kwa Kiswahili hadi kila mmoja aridhike, kisha kila mmoja anaandika jibu kwa Kiingereza peke yake na ninasahihisha Fizikia na sarufi kwa pamoja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, lakini sekondari bado inafundishwa kwa Kiingereza, na zipo shule ambazo mwanafunzi hukaripiwa akisikika akiongea Kiswahili. Kwa hiyo mzazi wa Dodoma, fedha yako sehemu kubwa hainunui mada. Inanunua saa mbili za mwanao kuuliza bila kuogopa lugha. Mkikataza tuisheni na darasa likabaki lilivyo, saa hizo zitakuwa zimefutwa, na hakuna atakayezirudisha.

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro (mtoa hoja)

Nimesoma michango yote mara mbili kabla ya kujibu.

Mwalimu wa Mwanza, kuhusu ukaguzi: mimi nilikaguliwa. Azimio la kazi lilikuwa limejazwa, andalio lilikuwepo, na madaftari yaliyopelekwa ofisini yalikuwa ya wanafunzi wanaoandika vizuri, ambao ndio hao wa Jumamosi. Mkaguzi aliona mada imekamilika, na karatasi zake hazikusema uongo. Ndiyo maana sina imani kwamba ukaguzi pekee utamlinda yule kijana wa dirishani. Kuhusu Kenya nakubaliana nawe zaidi kuliko nilivyotarajia, kwamba katazo lisilo na kitu cha kushika nafasi yake litaishia mafichoni.

Mama wa Dodoma, hayo uliyosema kuhusu alama sikuwa nimeyapima sawasawa. Nilikuwa nikijiona muuzaji mbele ya mnunuzi aliye huru, kumbe mnunuzi mwenyewe alikuwa ananiogopa.

Ndugu mhitimu, daladala niliieleza kwa Kiswahili. Jumatatu niliuliza swali kwa Kiingereza, na hata kama ningevitumia vipindi vyote vinne, daladala ile nisingeitaja, kwa sababu darasani sikuwa na mazoea ya kuongea hivyo. Nilipokuwa nikisimulia kisa hiki miaka yote hii nilijilaumu kwa vipindi vitatu nilivyoviruka. Sikuwahi kujiuliza kama yule kijana angeelewa hata kama nisingeviruka.

Kwa hiyo ninairekebisha hoja yangu. Bado ninasema mwalimu asiwatoze wanafunzi wake mwenyewe. Lakini siku katazo linapoanza, shule iwe imekwisha kuweka kwenye ratiba saa za marejeo kwa kila somo la tahasusi, ndani ya shule, kwa wote, mwalimu alipwe posho kwa saa hizo kutoka katika bajeti ya shule, na iandikwe wazi kwamba katika saa hizo ufafanuzi kwa Kiswahili unaruhusiwa na hakuna atakayekaripiwa. Mimi hufanya hivyo Jumatano kuanzia saa tisa na nusu alasiri, bila posho, katika shule niliyopo sasa. Wiki iliyopita walibaki 41 kati ya 60, na ubao ulijaa Kiingereza huku chumba kikijaa Kiswahili. Siwezi kumtaka kila mwalimu afanye hivyo bure, na mwenye watoto wadogo nyumbani hawezi hata akitaka.

Mwalimu wa Mwanza, ninabaki na swali moja kwako, na ninaliuliza kwa nia njema kabisa. Zile bureti zako sita: shule ikikulipa posho ya Jumamosi na kukununulia kemikali, utazipeleka maabara, wale 52 wasiokuja sasa nao wapate kushika bomba kwa zamu? Na kama jibu ni hapana, ni kitu gani kingine tungepaswa kukupa kwanza?