Naanza chuo cha upishi mwezi ujao, nijiandae vipi?

Ndugu zangu, hamjambo. Nimepata nafasi chuo cha upishi huku ugenini, kozi ya miaka 2. Wamenitumia orodha ya vifaa, na seti ya visu peke yake inanitoa jasho. Halafu nimeona kwenye ratiba somo la muhula wa kwanza linaitwa upishi wa majira. Kupika najua, wadogo zangu wote wamekula mkononi mwangu. Sasa majira na sufuria vinahusianaje? Aliyepita njia hii anisaidie.

*

Mdogo wangu, hongera sana. Mimi nimemaliza mwaka jana na nafanya kazi mkahawani, kwa hiyo haya bado ni mabichi kichwani.

Nianze na visu. Seti usinunue. Kisu kimoja cha mpishi cha sentimita 20, kidogo cha kumenyea na kile chenye meno cha mkate vitakutosha mwaka mzima. Uliza kwanza chuoni kama wanakubali ulete vyako. Unachohitaji zaidi ni jiwe la kunolea, maana kisu butu ndicho kinachokata vidole: unakikandamiza, kinateleza, umeumia. Pesa itakayobaki nunulia viatu vilivyofunikwa mbele, vyenye soli isiyoteleza. Utasimama saa 8 hata 10 kwa siku, sakafu ina maji na mafuta, na hakuna atakayekuonea huruma ukivaa raba.

Sasa majira. Hili nililidharau kama wewe, nikalipia.

Mtihani wangu wa kwanza wa vitendo ulikuwa chipsi. Nikajiambia, hapa nimepita. Wiki mbili kabla nilichagua viazi vyangu kimoja kimoja, nikaviweka kwenye friji visije vikachipua. Siku yenyewe nikavikata sentimita 1 kila upande, nikaviosha, nikavifuta kwa kitambaa mpaka vikakauka. Nikavikaanga mara mbili, kwanza mafuta ya nyuzi 150, kisha 180, kama tulivyofundishwa. Vilipoingia mara ya pili havikukaa hata dakika mbili, rangi ikawa ya kahawia nzito, kingo zimeanza kuwa nyeusi. Mwalimu akachukua kimoja, akakivunja, akakinusa, wala hakukionja. Akaniuliza neno moja tu: "Vililala wapi?"

Kiazi kikikaa kwenye baridi ya friji, wanga wake unageuka sukari, na sukari huungua mapema kwenye mafuta ya moto. Mikono yangu haikukosea kitu siku ile. Nilikosea kwa kutojua kiazi kimepita wapi kabla ya kufika kwenye ubao wangu. Viazi huwekwa mahali penye giza, pakavu, penye ubaridi wa wastani tu.

Somo la majira ni hilo, nalo ni pana kuliko kukariri kinachovunwa mwezi gani. Baridi ile ile iliyoniharibia chipsi ndiyo inayofanya mizizi kama pasnipi, ile inayofanana na karoti nyeupe, iwe mitamu ikibaki ardhini hadi theluji. Ukiipata wakati huo, ioke tu na chumvi na mafuta kidogo, uache asali. Njegere ni kinyume: ikishachumwa, sukari yake inaanza kugeuka wanga saa hiyo hiyo. Ya majira ya kuchipua iliyochumwa asubuhi inataka dakika mbili tu kwenye maji ya chumvi yanayochemka, kisha kwenye maji ya barafu ibaki kijani. Lakini katikati ya majira ya baridi, njegere "mbichi" iliyosafiri wiki nzima haiifikii ile ya frizi, kwa sababu ya frizi iligandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa. Mimi huchukua ya frizi bila aibu, na walimu wangu walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Nyanya ya kiangazi nayo usiifungie kwenye friji kama haijaiva, harufu yake inakufa.

Nunua daftari dogo la mfukoni. Kila siku andika tarehe, ulichopika, na kilivyokuwa kabla hujakipika: kigumu, laini, kina maji, kina harufu gani. Maelekezo ya mapishi utayapata popote. Hayo ya kwenye daftari hutayapata kokote.

*

Dada amemaliza yote kwenye visu. Mimi naongeza mambo mawili kwa sababu nilishuhudia watu wakiacha masomo kwa ajili yake.

Kwanza, kelele. Jiko kubwa limegawanywa kwa vituo, mpango unaotokana na mpishi Mfaransa Auguste Escoffier aliyefariki 1935, na kila kituo kina mkuu wake. Utaitwa kwa sauti, utajibu "Ndiyo, shefu", basi. Ukipita nyuma ya mtu sema "Nyuma!", ukibeba sufuria ya moto sema "Moto!". Jifunze maneno hayo kwa lugha ya huko kabla ya siku ya kwanza, hata kama sarufi bado inakusumbua. Ukali wa kazi na matusi ni vitu viwili tofauti, na ukitukanwa peleka malalamiko kwa maandishi.

Pili, ukiungua weka pale palipoungua chini ya maji ya bomba ya baridi kwa dakika 20. Siagi na dawa ya meno usipake. Na usione haya kuacha sufuria yako kwa ajili hiyo.

*

Asanteni sana, jiwe la kunolea nimeshaliagiza. Swali la mwisho: kuna nyama na vinywaji nisivyotumia kwa sababu ya imani yangu. Nikiambiwa nionje, nitafeli?

*

Hutafeli, ila usisubiri siku ya somo. Waandikie chuo sasa hivi, kabla muhula haujaanza, taja bila kuzunguka kile usichoonja na kile usichokishika kabisa, maana ni vitu viwili. Darasani kwetu tulikuwa na mwenzetu wa namna hiyo. Alipika kila kitu alichopangiwa, na ilipofika kuonja alimpa kijiko jirani yake wa meza, akamuuliza: chumvi? uchachu? ukali? Alikuwa akinusa mchuzi kwa makini kuliko sisi sote, macho ameyafumba, uso karibu kabisa na mvuke. Muhula wa pili mwalimu akawa anamwita yeye kwanza kuuliza kama supu ya mifupa imekuwa tayari.

Nitumie orodha yao ya vifaa kesho, nikuwekee alama vya kununua na vya kuacha.