Tupeane uzoefu: lugha ya kigeni ilikunyoosha wapi?

Mama Ngeli

Wakuu salaam. Mimi ni muuguzi, huu mwaka wa pili nasoma Kijerumani nikitafuta nafasi ya mafunzo ya kazi Ujerumani. Juzi matokeo yangu ya B1, mtihani wa lugha wa ngazi ya kati, yametoka. Mtihani una sehemu nne na kila moja lazima ufikishe 60 kwa 100. Kusoma nimepita, kuandika nimepita, hata kuzungumza nilikokuwa nakuogopa nimepita. Kusikiliza: 53.

Kilichonimaliza ni namba. Sisi tunasema arobaini na saba, wao wanasema "siebenundvierzig", yaani saba na arobaini. Sauti inataja namba ya simu, mimi nimeandika 7, narudi nyuma niitangulizie 4, kumbe mwenzangu ameshamaliza anaaga. Halafu kuna vitenzi. Sentensi ndefu, kitenzi wamekiweka mwisho kabisa, unakingoja kama gari la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kinapofika, mwanzo wa sentensi umeshausahau.

Jinsia za maneno ndizo usiseme. Mezani hapo tu, kijiko ni mume, "der Löffel". Uma ni mke, "die Gabel". Kisu si huyu wala si yule, "das Messer". Na msichana, "das Mädchen", wamemtupa kundi moja na kisu! Najua kuna mtu atasema mbona na sisi tuna ngeli. Tunazo, tena nyingi kuliko zao, ila za kwetu zinabisha hodi: kiti viti, mti miti, unaisikia kabla hujaingia ndani. Za kwao unakariri neno mojamoja.

Nani amepita huku, kwa lugha yoyote ile? Ulikwama wapi, ukatokaje?

Kibegi wa K'koo

Dada pole, ila umenikumbusha mbali. Mimi Kichina nilijifunzia sokoni Guangzhou, mitaa ya Xiaobei, 2014. Mwalimu wangu alikuwa kalkuleta. Unabonyeza bei, muuzaji anabonyeza yake, mnakutana katikati.

Shida ilianza nilipojiona nimekomaa nikaacha kalkuleta. Kichina kununua ni "mǎi", sauti inashuka kisha inapanda. Kuuza ni "mài", sauti inadondoka kwa mkupuo. Herufi zilezile! Nimeingia duka la mikoba kifua mbele, natangaza nataka kununua. Mama wa watu ananiangalia mikono, anaangalia nyuma yangu, hatimaye ananiuliza mzigo wenyewe uko wapi. Kumbe nimemwambia nimekuja kuuza.

Hiyo ndogo. Nne ni "sì", kumi ni "shí". Kumi na nne ni "shí sì", arobaini "sì shí". Sasa watu wengi wa kule kusini hiyo "sh" wanaitamka "s", kwa hiyo kilichobaki kutofautisha ni mawimbi ya sauti peke yake. Nimeuliza bei ya pochi, nimesikia arobaini, nimenuna nimeondoka. Mwenzangu wa hapa Kariakoo akaingia nyuma yangu akabeba dazeni ishirini kwa yuani 14. Tulirudi ndege moja, sikumsemesha mpaka tunatua.

Nilitokaje? Sikutoka. Nilirudi kwenye kalkuleta.

Mjukuu wa Bukoba

@Kibegi hayo mawimbi tunayaogopa kwa sababu Kiswahili hakina, lakini lugha zetu nyingi za nyumbani zinayo. Kihaya kinayo. Mwalimu wangu wa Kichina alihangaika nami mwezi mzima, hadi siku nilipompigia bibi simu nikamsikiliza anavyopandisha na kushusha. Nikasema alaa, kumbe hii kitu ninaijua tangu mtoto, sikuwa nimeambiwa tu.

Bint Makorora

Jamani mie ni Kiarabu, na mnavyonijua nimetoka chuoni kwa maalim, msahafu nimekhitimu. Nilipopata kazi za ndani Muscat nikasema lugha ninayo. Nafika, wallahi sielewi hata neno. Kusoma nasoma chochote, kuelewa mtu anaongea jikoni sielewi. Mie nasema "uridu", nataka, wao wanasema "abgha". Watoto wa nyumba walikuwa wakicheka, wananiambia naongea kama khutba.

Tena palikuwa na bibi mle ndani aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kunishinda mie. Nikajibanza kwake mwaka mzima. Kila kitu "bibi wamesemaje?" Nikawa raha mustarehe, Kiarabu hakiingii.

Bibi akasafiri kwenda kwa mwanawe. Mama mwenye nyumba ananiambia wageni wanakuja saa "sab'a". Nikafurahi, hili nalijua, saba ni saba! Nikaamka na alfajiri, saa saba mchana wali wa nyama uko mezani, kachumbari iko tayari, nimekaa nasubiri. Hakuna mtu. Wageni wamekuja saa moja usiku. Neno lao ndilo letu, ila saa yao inahesabu kwingine. Nilinuniwa siku tatu.

Lakini kuanzia siku ile nikaanza kuuliza mwenyewe, bibi aliporudi nikawa namjibu Kiarabu kwa makusudi.

Fundi wa Ohio

Miaka 11 Marekani. Mke wangu bado namwita "he". Siku moja mapokezi ya hospitali wamenihoji dakika kumi huyo mwanamume mjamzito ni nani. Kwetu ni "yeye" na "a-", basi, yamekwisha.

Tenga Tupu

Mnalialia tu. Pakua programu kwenye simu, dakika kumi kila siku.

Kibegi wa K'koo

@Tenga Tupu shemeji yangu ana siku 300 mfululizo kwenye hiyo programu. Mwambie aagize maji ya kunywa kwa Kifaransa uone jasho.

Utingo Mstaafu

Kifaransa mnakisingizia. Mimi nilisomeshwa kwamba sabini ni "soixante-dix", sitini na kumi, na tisini ni "quatre-vingt-dix", yaani ishirini mara nne ongeza kumi. Nimekariri mpaka kichwa kinauma. Nafika Lubumbashi wanasema "septante" na "nonante", wameshamaliza. Na nilidhani kule Kiswahili kitanivusha, kumbe hata mama muuza mboga anayeongea Kiswahili, bei anaitaja kwa Kifaransa.

Mama Ngeli

Nimecheka hadi mtoto kaamka. @Bint Makorora, la saa hata mimi limeniponza. Wajerumani "halb drei" si tatu na nusu, ni nusu ya *kuiendea* tatu, yaani mbili na nusu. Sasa mimi naitoa kwenye tatu, naipeleka mbili na nusu, halafu naigeuza iwe ya kwetu, saa nane na nusu. Hapo swali la tatu limeshapita.

Narudia kusikiliza tarehe 14 mwezi ujao, saa tatu na nusu.

Bint Makorora

Ya kwetu au ya kwao?