GPA ya 2.9 inatosha kupata nafasi ya fildi?

Mpimaji Chipukizi:
Wakubwa, shikamooni. Ninasoma uhandisi wa ujenzi, mwaka wa pili, hapa Dar es Salaam, na GPA yangu, yaani wastani wa alama, imebaki 2.9 kati ya 5 baada ya kurudia mtihani wa hisabati. Tangu Mei nimepeleka maombi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, katika kampuni tano. Katika mojawapo, ofisa aliitazama karatasi ya matokeo, akaikunja, akanirudishia bahasha bila kuisoma barua yenyewe. Je, wanafunzi wa fildi huchaguliwa kwa GPA, au kuna jambo ninalolikosea?

Mzee wa Masijala:
Marahaba, kijana. Nimepokea barua za namna hiyo kwa miaka mingi katika halmashauri, na kwetu matokeo hayaulizwi. Tunachotazama ni barua ya utambulisho yenye muhuri wa chuo, tarehe za kuanza na kumaliza, na kama idara husika bado ina mtu wa kukusimamia. Kosa lako ni Mei. Barua ya Februari hujibiwa, ila inayofika wakati vyuo vyote vimekwisha kuleta wanafunzi wao huingia kwenye faili, na humo haitoki.

Nondo 16:
Mzee amesema kweli kuhusu halmashauri, lakini benki, migodi na kampuni za simu hupokea maombi mengi kuliko wanavyoweza kuyasoma, na 3.5, pale linapoanzia daraja la pili la juu la shahada, ni mstari rahisi kuuchora ili rundo lipungue. Mimi mwenye 2.8 nilianzia kwa mkandarasi mdogo wa Kibaha, ambaye siku ya kwanza alinipa mchoro wa nguzo na kuniambia nihesabu nondo na ringi zake, hakuuliza kingine. Mwaka uliofuata nilikwenda kwenye mradi mkubwa nikiwa na daftari langu la kazi za kila siku, na mhandisi alilipekua muda mrefu kabla ya kukumbuka kuuliza GPA.

Mhadhiri Mstaafu:
Naongeza moja tu: katika vyuo vingi ripoti ya fildi ina alama zake, kwa hiyo nafasi ndogo yenye kazi halisi yaweza kuipandisha hiyo 2.9. Je, hao watano walikuomba matokeo?

Mpimaji Chipukizi:
Hapana, Mwalimu, niliyaambatisha mwenyewe kwa kudhani ndio utaratibu. Kesho nitakwenda na barua ya chuo peke yake kwa mkandarasi anayejenga mtaro mtaani kwetu.