Babu alizama na meli vita ya Hitler, rekodi zake nizitafute wapi?

BintiSouthC
Habari zenu, samahani hii itakuwa ndefu. Bibi yangu mzaa mama ni wa Mji wa Kale Mombasa, siku hizi tunakaa naye hapa South C, miguu imechoka lakini kichwa kiko sawa kabisa. Babake alikuwa khalasi (baharia) kwenye meli za BI, ile kampuni ya British India, na alikufa baharini wakati wa vita ya Hitler, meli ilipigwa na Wajapani. Kaburi hakuna, barua hakuna, picha hakuna. Marehemu mjomba alikuwa anatuambia ni ile Khedive Ismail iliyotoka Kilindini 1944, basi Jumamosi nikapanda matatu hadi makaburi ya vita ya Ngong Road maana nilisikia majina ya watu wa hiyo meli yako pale, nikasoma ukuta mpaka shingo ikauma, babu hayuko. Sasa niende makavazi pale Moi Avenue ama nitakuwa napoteza siku nyingine?

Omosh_Emba
Pole. Jaribu spelling tofauti tofauti, karani mzungu aliandika vile alisikia. Babu yangu ako na majina matatu kwa karatasi tatu na ni mtu mmoja.

MtuWaKuze
Dadangu, spelling baadaye. Pale Ngong Road ungesoma hata wiki nzima usingemwona, ule mnara ni wa askari wa nchi kavu wasio na kaburi. Ni kweli zaidi ya nusu yao walikufa na Khedive Ismail, lakini wale ni askari waliokuwa wanasafirishwa, wengi wao wa mizinga, 301 Field Regiment ya East African Artillery. Baharia wa meli ya kiraia hesabu yake iko kwingine.
Hebu muulize bibi mambo mawili. Babake alikuwa anaenda ama anarudi? Na msiba uliwafika mwezi gani, usimuulize wa kizungu, muulize wa kiislamu.

BintiSouthC
Ngoja nimuulize.

Haya. Anasema alikuwa anarudi kutoka Bombay, na anakumbuka sababu mamake alikuwa amemwagiza vitambaa. Mwezi anasema mfunguo pili unaisha, yaani mwezi wa pili baada ya Ramadhani, maana Idd kubwa ilikuwa karibu na wao watoto hawakushonewa nguo, nyumba ilikuwa na eda. Mwaka hajui.

MtuWaKuze
Basi mjomba Mungu amrehemu lakini alikosea meli. Khedive Ismail ilikuwa inaenda, Kilindini kuelekea Colombo, ikazamishwa tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldives, ilizama kwa dakika mbili hivi na wakafa karibu watu 1,300. Hiyo Februari ukipiga hesabu ni mfunguo tano, Idd kubwa ilikuwa imepita zamani.

Angalia Tilawa. Hiyo nayo ni ya BI, ilitoka Bombay inakuja Mombasa halafu iendelee Maputo na Durban, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 23 Novemba 1942. Novemba ile ni katikati ya mfunguo pili, habari ikichukua wiki moja mbili kufika Mombasa unaona inaingia pale pale bibi anaposema. Manusura waliokolewa na manowari HMS Birmingham wakarudishwa Bombay. Kati ya watu 958 walikufa 280, wengi abiria, mabaharia ni 28 tu. Hiyo ishirini na nane ndiyo raha yako, si kama kutafuta mtu kwa maelfu.

Sasa ingia tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ni bure. Jina acha tupu kabisa, weka tarehe ya kufa 23 Novemba 1942 na uchague Merchant Navy. Wasio na kaburi wengi wameandikwa Tower Hill kule London, na makhalasi waliosajiliwa India wako kwenye orodha za Bombay na Chittagong, kwa hivyo usishangae babu wa Mombasa akitokea upande wa India.

Omosh_Emba
Si hiyo Tilawa ndio ile ya fedha, namaanisha silver? Vipande zaidi ya elfu mbili vya fedha vilitolewa chini ya bahari 2017, serikali ya Afrika Kusini ikashtakiwa hadi mahakama ya juu Uingereza.

MtuWaKuze
Ndio hiyo hiyo.

Mkutubi254
Nimeona mtu ametaja makavazi. Kama ni gazeti unataka, East African Standard ya 1942 ilikuwa inachapishwa hapa Nairobi (ilianzia Mombasa 1902 ikahamia huku 1910), na kulikuwa na Baraza la Kiswahili tangu 1939. Lakini usisome Novemba peke yake ukakata tamaa, wakati wa vita habari za meli zilikuwa zinakaguliwa, meli inazama leo na jina lake halitajwi, soma mpaka miezi ya mbele huko. Kenya Gazette pia iko mtandaoni, angalia matangazo ya mirathi, hata kama khalasi kuacha mali ya kutangazwa ni bahati nasibu. Rejista za vifo vya baharini ziko makavazi ya taifa ya Uingereza, Kew London, namba yake ni BT 334.

BintiSouthC
Mungu awabariki. Nimeweka tarehe, majina yametokea, kuna moja limenishtua lakini jina la baba silo. Nimemsomea bibi akanyamaza, halafu ndio anakumbuka babake aliandikishwa kazini kwa jina la mjomba wake, umri wake ulikuwa haujafika. Miaka yote hiyo hakuwahi kutuambia! Kuna mtu anaweza kunifikia hapo Kew?

Shaka_Ughaibuni
Mimi niko London, Alhamisi sina kazi. Nitumie majina yote mawili inboksi, lake mwenyewe na la huyo mjomba.